Kafyu na Karantini: Uhakiki wa Lugha ya Mjadala wa 2020

Mjadala uliozuka nchini Kenya mwaka 2020 juu ya amri za serikali za kuzuia korona na uhuru wa raia umekwisha kujadiliwa sana na wanasheria na madaktari. Sisi wa lugha tumenyamaza, kana kwamba maneno yaliyotumika hayakuwa na sehemu katika ugomvi ule. Kwa maoni yangu yalikuwa na sehemu kubwa.

Tuanze na kafyu, iliyoanza tarehe 27 Machi 2020 na kuondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Watangazaji waliiita "amri ya kutotoka nje". Msomaji na atazame umbo la kirai hiki. Kitenzi hakina kiambishi cha nafsi: nani asitoke, na nani ameamuru, hatuambiwi. Wananchi wao walishikilia "kafyu", na sidhani ni kwa uvivu wa ulimi. Amri za namna hiyo zilitumiwa na wakoloni wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, na neno halijapoteza harufu ya bunduki. Isitoshe, kafyu ya 2020 haikutolewa chini ya Sheria ya Afya ya Umma, bali chini ya sheria ya kulinda utulivu wa umma. Ugonjwa ulivishwa magwanda ya askari. Siku ile ya kwanza, huko Likoni, abiria waliokuwa wakingoja kivuko walipigwa na kurushiwa gesi ya machozi, wakasongamana zaidi.

Tarehe 16 Aprili 2020, katika kesi iliyoletwa na Chama cha Wanasheria, Jaji Weldon Korir aliamua kwamba kafyu yenyewe ilikuwa halali, lakini nguvu zilizotumiwa na polisi zilivunja Katiba. Upambanuzi huo ndio uliokosekana barazani. Kwa wengi waliotetea serikali, aliyelalamikia rungu alikuwa adui wa afya. Kwa wengi waliopinga, kila katazo lilikuwa udhalimu. Neno lilikuwa moja, maana mbili, na hapakuwa na aliyemwuliza mwenzake anakusudia ipi.

Juu ya "umbali wa kijamii" sina mengi: ni tafsiri ya sisisi, inayotaka jamii itengane ilhali kilichotakiwa ni miili isikaribiane. "Barakoa", kinyume chake, ni neno kongwe la pwani, vazi la uso la wanawake, nalo lilipokea kazi mpya bila taabu.

Lililoharibiwa kabisa ni karantini. Hili ni neno la tiba: humtenga mtu kwa sababu huenda ameambukizwa. Katika miezi ile baadhi ya waliovunja kafyu *walitiwa* karantini, kama mtu anavyotiwa jela, wakachanganywa na walioshukiwa kuwa na virusi. Mwanzoni waliowekwa humo walidaiwa hata gharama za malazi, mpaka serikali ilipokubali kuzibeba mwezi Mei. Mwenye homa alijifunza kujificha. Hapo uhuru na afya vilipotea pamoja, na wala si kwa sababu vinapingana.

Watunga kamusi watakaposahihisha kidahizo hicho, watalazimika kuamua kama waongeze maana ya pili: adhabu. Mimi ningeiongeza, na mwaka wake.