"Maili ya Mwisho" au Ufikishaji?

Katika nyaraka za ugavi limezuka neno "maili ya mwisho", yaani hatua ya kutoa bidhaa ghalani na kuikabidhi kwa mtumiaji. Hii ni tafsiri sisisi: sisi twapima kwa kilomita, na hatua hiyo yaweza kuwa mtaa mmoja au safari ya kutwa kwa mtumbwi.

"Usambazaji" nao hautoshi. Bohari ya Dawa ya Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993 ili, pamoja na mengine, kusambaza dawa. Lakini shehena iliyoishia wilayani yaweza kuandikwa "imesambazwa" ilhali zahanati haina kitu.

Kitenzi "fikisha" chatufaa zaidi. Ufikishaji haukamiliki mpaka mpokeaji atie sahihi. Watafsiri na walitumie neno hilo.