Ulanzi wa Asubuhi, Ulanzi wa Jana

Swali la kwanza kwa muuza ulanzi, kabla hata ya kuulizia bei, ni hili: wa leo asubuhi au wa jana jioni? Muuzaji mkweli hujibu papo hapo. Akianza kuusifia utamu bila kutaja saa, mteja mzoefu humwachia dumu lake na kusogea kwa jirani.

Saa ina uzito huo kwa sababu ulanzi hausubiri mtu. Ni utomvu wa mianzi inayopandwa jirani na makazi katika nyanda za juu kusini, Iringa na Njombe, na hugemwa wakati wa mvua, machipukizi yanapotoka. Mgema hukata ncha ya chipukizi changa, kisha hupunguza kipande chembamba asubuhi na jioni ili kidonda kisifunge. Utomvu hudondokea kwenye mbeta, kipande cha mwanzi mnene kilichoachiwa fundo liwe kitako. Hamira ya asili huanza kula sukari humo humo, mbeta ikiwa bado inaning'inia.

Ukishushwa tu, ulanzi huitwa mtogwa: mtamu, mwepesi, hata watoto huonjeshwa. Ukilala, sukari hupungua, kilevi na ukali hupanda, na hapo ndipo unapoitwa mkangafu, wenye nguvu inayokaribia ya bia. Kuulizana upi bora ni kupoteza muda. Kila mmoja una vipimo vyake.

Mtogwa mzuri una weupe wa ukungu na harufu ya mwanzi mbichi, na utamu wake haung'ang'anii kooni. Mkangafu mzuri unaonekana uko hai: vipovu vinapanda kutoka chini ya kikombe hata kikitulia mezani, na ukali wake unafika ulimini kabla ya uchachu. Uchachu ukitangulia, tena pua ikasikia siki, bakteria wameshakigeuza kilevi. Hakuna sukari ya dukani itakayourudisha.

Hapo kosa mara nyingi ni la mbeta. Masalia ya jana yakiachwa kwenye kitako, ulanzi mpya unadondokea juu ya uchachu wa zamani na kuharibika kabla ya kushushwa. Mnunuzi akipata nafasi ya kufika shambani, ainuse mbeta tupu. Itamweleza mengi kuliko mwenye nayo. Nyuki au mdudu anayeelea si dosari kubwa, maana utamu huwaita, ila asiyemiliki chujio hafai kuitwa mgema.

Kuhusu maji, watu wa pwani walishamaliza kazi kwa methali yao ya mgema anayesifiwa. Ulanzi uliochakachuliwa hupoteza ule ukungu, povu lake hufa upesi, na ladha hukatika mara tu ukimezwa.

Baridi nayo ina neno lake. Ikonda, wilayani Makete, iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko dumu likiwekwa kivulini huchachuka taratibu. Makambako, penye njia panda ya Songea na stesheni ya TAZARA, hali ni ya joto zaidi, hivyo dumu lililoanikwa juani kando ya barabara halifai kununuliwa hata kwa nusu bei.

Mvinyo mwekundu wa Syrah, zabibu ya bonde la Rhône nchini Ufaransa ambayo siku hizi hulimwa pia Dodoma, unaweza kulazwa miaka na kupanda thamani. Ulanzi hauna anasa hiyo. Anayetaka kumpelekea ndugu Dar es Salaam achukue mkangafu mchanga, asijaze dumu hadi shingoni, na kifuniko akiache kimelegea kidogo, maana gesi hulivimbisha hadi kupasuka. Mtogwa aunywe pale pale Njombe.