Mkanda wa Mita 150: Namna ya Kuionyesha Ndege Iliyohesabu Wanyama

Makumbusho mengi ya ndege duniani hufuata desturi moja: ndege huoshwa, hupakwa rangi upya, huegeshwa nyuma ya kamba, na mbele yake husimamishwa kibao kinachotaja mwaka wa kutengenezwa, upana wa mabawa na nguvu za injini. Desturi hiyo inaitendea haki ndege ya kivita au ya abiria, ambayo kazi yake inajulikana hata kwa mtoto, lakini inaipunja ndege iliyotumika kama chombo cha kupimia, kwa sababu upimaji wenyewe hauonekani katika umbo lake. Mfano ulio karibu zaidi na wakazi wa Mwandoya, wilayani Meatu katika Mkoa wa Simiyu, ni Dornier Do 27, ndege ndogo ya Kijerumani ambayo Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael waliitumia mwaka 1958 kuhesabu wanyama wa Serengeti. Ndege za aina hiyo bado zinaonyeshwa Ujerumani, mojawapo ikiwa katika Makumbusho ya Dornier mjini Friedrichshafen, na baadhi zimepakwa mistari ya pundamilia kwa kumbukumbu ya ile ya Serengeti. Mistari hiyo imepata umaarufu mkubwa. Kazi iliyofanyika ndani ya ndege haikuupata.

Do 27 ilifaa kwa kazi hiyo kwa sababu zinazoweza kuelezwa kwa ufupi. Bawa lake liko juu ya chumba cha abiria, kwa hiyo halimzuii anayetazama chini. Vibawa vya nyuma, yaani zile sehemu zinazoshushwa ili ndege ielee kwa mwendo mdogo bila kuanguka, ni vipana. Na injini ya nguvu za farasi zipatazo 270 iliiwezesha kuruka na kutua katika sehemu fupi ya mbuga isiyotengenezwa. Bawa hilo pia halina nguzo, yaani ule mhimili wa mshazari unaoonekana kwenye ndege nyingi za Cessna ukitoka tumboni mwa ndege na kulishika bawa kwa chini. Kwa mtazamaji wa kawaida hilo ni jambo la urembo tu, lakini katika historia ya kuhesabu wanyama ni jambo la msingi.

Hesabu ya akina Grzimek ilitoa nyumbu 99,481, pundamilia 57,199 na jumla ya wanyama 366,980. Takwimu zinazofika hadi mnyama mmoja mmoja hushawishi kwamba hakuna aliyesahaulika, na hapo ndipo mchambuzi anapopaswa kusita. Mwaka 1961 Lee Talbot na D. R. M. Stewart walihesabu kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka angani na kupata nyumbu zaidi ya laki mbili. Nyumbu jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka, na wengi wa ndama hao hawafikishi umri wa kuzaa, kwa hiyo kundi haliwezi kuongezeka maradufu katika miaka mitatu. Ni kweli kwamba baadaye nyumbu waliongezeka kwa kasi, hasa baada ya ugonjwa wa sotoka kutoweka mwanzoni mwa miaka ya 1960 kutokana na chanjo walizopewa ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka hifadhi, hata wakavuka milioni moja katika miaka ya 1970. Hata hivyo, sehemu kubwa ya tofauti kati ya 1958 na 1961 haina budi kuhusishwa na jicho, na eneo lililopitiwa, na pia mbinu iliyotumika. Mtu anayekadiria kundi kubwa linalokimbia chini yake, mara nyingi, hupunguza.

Mbinu iliyokuja kuenea Afrika Mashariki, na ambayo M. Norton-Griffiths aliieleza katika mwongozo uliochapishwa Nairobi katika miaka ya 1970, haidai kuhesabu kila mnyama. Ndege hupita katika mistari iliyonyooka, yenye nafasi sawa kati yake, na waangalizi wawili wa viti vya nyuma huhesabu wanyama walio ndani ya mkanda tu, yaani ukanda mwembamba wa ardhi upande wa kulia na wa kushoto wa njia ya ndege. Idadi inayopatikana huzidishwa kwa uwiano wa eneo zima na eneo lililohesabiwa. Swali la kiufundi ni jinsi mwangalizi anavyojua mkanda unaanzia na kuishia wapi, ilhali ardhini hakuna alama yoyote. Jibu liko kwenye nguzo ya bawa. Fito mbili hufungwa kwenye nguzo hiyo zikielekea nyuma, na kwenye kioo cha dirisha hubandikwa alama mbili za utepe. Mwangalizi hukaa akiwa ameinua au kushusha kichwa mpaka kila alama ya kioo ilingane na ufito wake, na kinachoonekana kati ya fito hizo ndicho kinachohesabiwa. Kwa kuwa Do 27 haina nguzo, fito hazina pa kufungwa. Ndiyo maana ndege iliyofungua historia haikuwa ile iliyobeba mbinu, na onyesho linaloiweka peke yake linaikata habari katikati.

Hesabu ya fito ni ya pembetatu zenye umbo moja. Upana wa mkanda ukigawanywa kwa kimo cha ndege inaporuka, hupatikana uwiano ule ule unaopatikana kwa kugawanya upana unaoonekana kati ya fito, ndege ikiwa imeegeshwa, kwa kimo cha jicho la mwangalizi kutoka sakafuni. Ikiwa timu inataka mkanda wa mita 150 kwa kimo cha mita 91, kilicho sawa na futi 300, na jicho la mwangalizi aliyeketi liko mita 2 juu ya sakafu, basi fito hufungwa ili zionyeshe sakafuni upana wa mita 3.3. Rubani akizembea akapanda hadi mita 120, mkanda unatanuka hadi karibu mita 198, na mwangalizi, bila kujua, anahesabu wanyama wa eneo lililozidi kwa karibu theluthi moja. Ndege ikiinamia upande mmoja, mkanda wa upande huo hupungua na wa pili huongezeka. Kwa hiyo altimita ya rada, kifaa kinachopima umbali halisi hadi ardhini badala ya kuukisia kutokana na mgandamizo wa hewa, ina uzito katika takwimu za tembo sawa na macho ya mwangalizi.

Maelezo hayo yanaonyesha kwamba ndege iliyoegeshwa tayari ni mfano kamili wa ndege inayoruka, ikiwa makumbusho yatakubali kuitumia hivyo. Onyesho linalofikiriwa hapa, ambalo lingeweza kujengwa Mwandoya kwa kuwa Meatu inapakana na Pori la Akiba la Maswa na iko kusini-magharibi mwa Serengeti, lingehitaji Do 27 au hata mfano wake wa mbao na bati, pamoja na nusu ya Cessna kuukuu yenye nguzo. Jambo la kwanza lingekuwa kuinua mkia wa Do 27 juu ya stendi. Ndege hiyo ina gurudumu dogo la nyuma, na ikiegeshwa pua yake huelekea juu, hali ambayo haifanani na mkao wake angani. Ndege ya namna hiyo ikiachwa na mkia chini, pembe zote za kutazamia hupotoka. Jambo la pili lingekuwa kuondoa kamba upande wa Cessna, kumruhusu mgeni kuketi kiti cha nyuma na kulinganisha utepe wa kioo na fito, na kupaka sakafuni ukanda wa mita 3.3 ambao ataukuta umeingia sawasawa kati ya fito hizo. Mwanafunzi wa sekondari aliyesoma pembetatu darasani angepata pale sababu ya kuzisoma.

Ukanda uliosimama, hata hivyo, hudanganya kwa utulivu wake. Kwa mwendo wa kilomita 170 kwa saa, eneo linalopita kati ya fito za upande mmoja kila sekunde ni kama mita za mraba 7,000, karibu sawa na uwanja mzima wa mpira. Kwa hiyo sakafu ingefaa iwe na turubai refu linalovutwa kwa mkono juu ya magurudumu, lililochorwa miti, vichuguu, ng'ombe na nyumbu kwa vipimo vya kweli vya uwiano huo, ambapo nyumbu anayeonekana kutoka angani akiwa mita 91 chini huwa na urefu wa sentimita 4 tu. Ng'ombe wasiachwe, kwa kuwa kumtofautisha ng'ombe na nyati kutoka angani ni sehemu ya kazi, na wageni wengi wa Simiyu ni wafugaji ambao huenda wakawashinda watafiti kwa jambo hilo.

Ajali ya 10 Januari 1959 nayo ingestahili mahali pake bila kukuzwa. Michael Grzimek, mwenye umri wa miaka 24, alifariki baada ya Do 27 yao kugongana na tumbusi, na alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, ambako baba yake alizikwa pia baadaye. Badala ya picha ya mabaki, kipande cha bawa kilichobanduliwa ngozi ya bati kingeonyesha jinsi lilivyo jepesi na jinsi nyaya za kuongozea zinavyopita ndani yake, kando yake ukiwekwa mfuko wa mchanga wa kilo 7, uzito wa kawaida wa tumbusi mkubwa. Mgeni aunyanyue mwenyewe.

Sehemu ya mwisho haihitaji ndege kabisa. Picha ya kundi iliyopigwa kutoka angani, ambayo wanyama wake wameshahesabiwa mmoja mmoja kwa kalamu, ingeonyeshwa kwa sekunde tano, kisha kila mgeni angeandika kadirio lake kwenye ubao kabla ya kuambiwa idadi halisi. Makadirio hayo yasifutwe jioni, bali yanakiliwe daftarini kwa tarehe, maana baada ya msimu mmoja daftari hilo litakuwa na kipimo cha upungufu wa jicho ambacho watafiti wa TAWIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa wanyamapori, wanaweza kukilinganisha na upungufu wa waangalizi wao waliofunzwa.