Paa Lisilofungwa

Mimi nimekulia chini ya makuti. Nimeshuhudia jani la mnazi likikunjwa na kushonwa kijitini, makuti yakapangwa kutoka chini kwenda juu, yakakazwa kwenye pau kwa kamba, fundo baada ya fundo. Kwetu pwani paa ni mafundo. Ndiyo maana siku ya kwanza nilipopanda kilima cha Kasubi, hapa Kampala, mwongozaji akaniambia kwamba nyasi za nyumba iliyoko pale juu, ukiacha tabaka za mwanzo kule chini, hazikufungwa popote, nilidhani ananitania.

Hakuwa na utani. Nyasi huchambuliwa, hutengenezwa miganda yenye umbo la pia, kisha hulazwa tu juu ya kiunzi, mganda ukibanwa na mwenzake. Mmoja ukioza, fundi huuchomoa, akapachika mwingine mahali pake, na jirani zake hawatikisiki. Fundi wa makuti hapo angeanza kutafuta kisu cha kukatia kamba.

Nyumba yenyewe inaitwa Muzibu-Azaala-Mpanga. Upana wake ni mita 31 hivi, na kimo cha ndani kama mita saba na nusu. Ukiitazama kwa mbali huoni ukuta: unaona kilima cha nyasi juu ya kilima cha udongo. Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Muteesa wa Kwanza, aliijenga mwaka 1882 iwe ikulu yake. Alipofariki 1884 akazikwa humo, na ikulu ikawa kaburi. Wakamfuata watatu: Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili. Wawili kati yao walifia ugenini. Mwanga alifia Shelisheli mwaka 1903, akarudishwa 1910. Muteesa wa Pili alifia London 1969, akarudishwa 1971.

Miaka ileile ya Muteesa wa Kwanza, aliishi Buganda Mskoti mmoja, Alexander Mackay, mmisionari mwenye mikono ya fundi. Mama yake Kabaka, Muganzirwazza, alipofariki mwaka 1882, Mackay ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza jeneza. Nikipita Kasubi humfikiria mtu huyo, aliyetoka nchi ya kasri za mawe, akiikodolea macho ikulu ya nyasi. Huko kwao, ngome ikishasimama, mwashi hukusanya vyombo vyake akaenda zake. Jina lake likisahaulika, jiwe halijali. Hapa nyumba ikishasimama ndipo mwezekaji anapoanza kuhitajiwa, yeye, na mwanawe, na mjukuu wake.

Kazi hiyo ni ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega, na mkuu wa waezekaji ana cheo chake, Wabulakayole. Ukoo wa Ngo, yaani chui, ndio unaopamba ndani. Ingia, ila kwanza vua viatu. Sakafu imetandikwa etteete, nyasi zenye harufu ya kukaribiana na mchaichai, na mikekani huketi kina mama wanaowatunza wafalme kana kwamba wako chumba cha pili. Inua macho: pete 52 za nyasi zimezunguka dari, kila moja kwa ukoo mmoja wa Buganda, zikipungua kadiri zinavyokaribia kilele. Mbele yako limeshuka pazia la lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, lililopondwa kwa nyundo za mbao mpaka likalainika na kupata rangi ya udongo uliochomwa. Nyuma ya pazia ni Kibira, msitu. Kabaka hafi, Waganda husema, huingia msituni.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba iliteketea. UNESCO, iliyokuwa imeiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, ikaiingiza pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Iliondolewa huko Septemba 2023. Kwa kweli nami nilikuwa miongoni mwa waliolalamika kwamba kujengwa kwake upya kunakawia mno. Nilikuwa nahesabu kama mkandarasi. Zege na chuma vilikwisha kuingia katika kiunzi tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, na vitu hivyo hununuliwa dukani. Mkono unaojua mganda umekamilika lini haununuliwi; lazima kijana akae na mzee, na wazee walikuwa wamepungua. Wajapani walisaidia, hasa katika kinga ya moto, lakini hakuna msaada unaomfundisha mtu kuubana mganda usiofungwa.

Mara ya mwisho nilipokwenda, mvua ilitukuta ndani. Nyumbani kwangu mvua ikinyesha juu ya mabati hatusikilizani. Mle nilimwona mzee mmoja akiangalia mlangoni maji yakichuruzika kutoka ukingo wa nyasi, na ndipo nilipojua kwamba nje kunanyesha.