Mtazame Kuanzia Kwatoni

Mtu aliyependa farasi utotoni, akawaacha, kisha akarudi ukubwani, hurudi na macho yaleyale ya zamani. Yanakimbilia manyoya yanayong'aa, singa zilizosukwa na mkia uliochanwa. Vyote hivyo ni kazi ya saisi, na saisi hodari hung'arisha hata farasi mbovu kwa asubuhi moja tu. Mimi nilikulia kando ya mabanda, na hadi leo harufu ya tandiko lililopakwa mafuta hunilegeza. Ndiyo maana nimejiwekea utaratibu: naanza kwatoni, napanda juu, kichwa nakiacha mwisho.

Hapa Nairobi utaratibu huo una sababu. Wengi wa farasi tunaowapanda walianza maisha wakikimbia Ngong, kwenye uwanja wa mbio uliofunguliwa mwaka 1954. Farasi wa mbio huanza kushindanishwa akiwa na miaka miwili tu, mifupa haijakomaa. Anapouzwa ili afundishwe kuruka viunzi, yaliyompata huko nyuma utayakuta miguuni.

Mwambie saisi amsimamishe mahali tambarare na pagumu, maana nyasi huficha mengi. Kwato zikiwa zimepakwa mafuta meusi, omba kitambaa chenye maji. Kisha inama utazame mistari inayouzunguka ukwato. Ikiwa imebanana mbele na kutanuka kisiginoni, farasi huyo aliwahi kuvimba ndani ya kwato, na ugonjwa huo una tabia ya kurudi. Hapo mimi hushukuru na kuondoka, awe ameshinda vikombe vingapi.

Kwato zikikuridhisha, pitisha vidole nyuma ya mguu wa mbele, kati ya goti na kifundo. Kano nzuri imekaza, imenyooka, na ni baridi. Iliyowahi kuchanika hutokeza nyuma hata baada ya kupona, na kidole huligundua hilo kabla ya jicho. Shika mguu wa kulia, kisha wa kushoto, bila haraka. Mmoja ukiwa na joto na mwingine hauna, usikubali kuambiwa eti ni jua.

Mgongoni, tafuta vidoa vya nywele nyeupe karibu na mabega. Mara nyingi hakuzaliwa navyo. Ni tandiko lililombana siku nyingi hadi nywele zikaota bila rangi. Kosa hilo ni la binadamu, kwa hiyo humsamehe farasi, ila nataka kuliona tandiko analowekewa sasa.

Umri usome menoni. Meno ya mbele ya kudumu hukamilika akiwa na miaka mitano hivi. Baadaye, kwenye jino la pembeni la juu, hujitokeza mfereji mwembamba: huanza kuonekana kwenye ufizi karibu na miaka 10, hufika katikati ya jino karibu na 15, na ncha karibu na 20. Ni makadirio, lakini humtia adabu muuzaji anayesema farasi wake ana miaka minane. Kwa anayerudi kupanda baada ya miaka mingi, wa miaka 13 au 14 aliyetulia ni bora mara mia kuliko kijana mwenye papara.

Sasa atembezwe, hatamu ikiwa imelegea. Ukwato wa nyuma ukanyage mbele ya alama iliyoachwa na ukwato wa mbele; hatua ndefu namna hiyo haifundishiki kirahisi. Akienda matiti, miguu hugusa chini wawili wawili mkingamo, kwa hiyo fumba macho usikilize: mapigo mawili, sawasawa. Ukifumbua, tazama kichwa. Kikiruka juu kila mguu fulani wa mbele unapokanyaga, mguu huo ndio unaouma.

Tabia haihitaji mtihani. Simama pembeni wakati mkanda wa tandiko unakazwa tumboni, uone kama analaza masikio au anageuka kutaka kuuma.

Ukiisha kumpenda, rudi alfajiri nyingine bila taarifa, kabla hajatolewa bandani. Mwenye maumivu ya viungo hulegea akishapata joto, na muuzaji anayelijua hilo atakuwa amemzungusha nusu saa kabla gari lako halijafika getini.