Mkono Uliofunguliwa: Utani wa Simba na Yanga na Sanaa ya Majibizano

Liko shairi la Kiswahili lisilo na neno hata moja. Husomwa barazani asubuhi ya pili baada ya Simba na Yanga kukutana. Mpenzi wa upande ulioshinda hufika, huamkia, huagiza kahawa yake, kisha huunyoosha mkono na kuvifungua vidole vyote vitano. Hasemi kitu. Waliokaa huangua kicheko, na yule aliyelengwa hukiinamia kikombe chake kama mtu anayetafuta kitu ndani yake. Mgeni atadhani ameona salamu. Mwenyeji amesoma tarehe ya zaidi ya nusu karne.

Mwaka 1968 Yanga iliifunga Sunderland, ndilo jina la Simba hadi 1971, mabao 5-0, na tangu siku hiyo mkono uliofunguliwa ukawa mali ya Jangwani. Mwaka 1977 Simba ikajibu kwa 6-0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu peke yake. Mkono mmoja haukutosha tena, ikabidi kidole cha sita kiazimwe kutoka mkono wa pili. Tarehe 6 Mei 2012 Simba ikashinda 5-0, na mkono ukahamia Msimbazi. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikashinda 5-1, mkono ukarudi ulikotoka. Mkono ni ule ule. Kinachobadilika ni mwenyewe.

Mpenzi wa ushairi haoni ugeni hapa. Ada ya majibizano humtaka anayejibu afuate bahari, mizani na vina vya aliyemwanza, na utamu wa ushindi wake ni kumwangusha mwenzake kwa silaha ya mwenzake. Aliyejibu tano kwa tano amejibu kwa vina. Aliyejibu tano kwa sita amefanya zaidi: amelichukua shairi la mpinzani akaliongezea mshororo. Hata lile bao moja la Simba la 2023 lina kazi yake. Mnazi wa Msimbazi hulishika kama mtu aliyeokoa sufuria katika nyumba iliyoungua, akikumbusha kuwa tano kwa moja si tano kwa bila. Ni hoja dhaifu kwa hesabu, lakini kwa ulumbi ni hoja, kwani inamzuia mshindi asiyafunge mazungumzo.

Basi utani wa watani hawa wa jadi unastahili kupimwa kwa mizani inayopimiwa sanaa nyingine za majibizano. Pwani haikuanza kushindana kwa maneno siku mpira ulipoletwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, alilumbana kwa beti na washairi wa Lamu wakati miji hiyo ilipokuwa na uhasama wa kweli, wenye mikuki na majahazi. Vikundi vya beni vya Marini na Arinoti vikaugawa miji ya pwani pande mbili kwa ngoma na mavazi. Unguja ina Ikhwan Safaa, iliyoundwa 1905, na vikundi vilivyoifuata, na kila kimoja kikiwa na watu wake wasioingia kwa mwenzake. Katika miaka ya 1990 mipasho ya TOT na Muungano, Khadija Kopa upande mmoja na Nasma Khamis upande wa pili, iliwafanya watu wachague ukumbi kama wanavyochagua jezi. Yanga iliyoanzishwa 1935 na Simba iliyofuata 1936 zilizaliwa katika mji uliokwisha kujua kugawanyika kwa raha. Zilichoongeza ni mpira wa kubishania.

Sanaa hii huonekana kwanza katika miito yao. Wa Yanga huita "Daima mbele," na umati huitikia "nyuma mwiko." Wa Simba hulitaja jina la mnyama wao, na umati huitikia "nguvu moja." Wito wa Yanga una ukwapi wa mizani tano na utao wa mizani nne, na uzito wake umo katika kukabilishwa kwa mbele na nyuma. Neno "mwiko" limechaguliwa kwa ustadi, maana halisemi kwamba kurudi nyuma ni vibaya tu. Linasema ni haramu ya ukoo, jambo ambalo mtu halifanyi hata akiwa peke yake. Wito wa Simba ni mfupi na hauna ukinzani wowote ndani yake; nguvu yake iko katika kuitikiwa, kwani nguvu haiwi moja mpaka waitike wengi. Ajabu ni kwamba viitikio vyote viwili vina mizani nne, kana kwamba mahasimu walikaa faraghani wakakubaliana kipimo kabla ya kuanza kugombana.

Katika majina ya kebehi ndipo penye utunzi hasa. Simba ana meno, makucha na ngurumo, mtani akaviacha vyote, akachagua mkia, akawaita wapenzi wake "mikia." Kebehi hiyo haimkanushi mnyama. Inamkubali kuwa ni simba, kisha inawakabidhi wafuasi wake sehemu inayokwenda nyuma na kufukuza nzi. Watu wa Yanga nao, walipogawanyika wenyewe kwa wenyewe katika miaka ya 1970, mgogoro uliozaa klabu ya Pan African mwaka 1976, waliitana kwa viatu: Raizoni kwa waliovaa viatu vya kisigino kirefu vya wakati ule, na Kandambili kwa waliovaa malapa. Kurasa nyingi zimeandikwa kuhusu matabaka ya watu wa mjini. Hapa matabaka yamesemwa kwa jozi mbili za viatu.

Lakini jina lililo kamili kuliko yote ni "vyura." Makao makuu ya Yanga yako Kariakoo, kwenye mitaa ya Twiga na Jangwani, kando ya bonde la Mto Msimbazi, na masika yakizidi maji hupanda hadi kwenye jengo. Hapo ndipo mtani alipomwona chura. Jina lina picha, lina mahali na lina majira ya mwaka. Lina pia kinaya mbili. Ya kwanza ni kwamba mtaa unaitwa Jangwani, na chura wa jangwani ni kiumbe wa kuchekesha hata kabla hujajua habari za mpira. Ya pili ni kwamba maji yanayoifikia nyumba ya Yanga ni ya mto ambao jina lake ndilo la mtaa yaliko makao ya Simba. Mtani hakuhitaji kutunga uongo. Alikodoa macho tu akaona bonde lilivyo. Jibu nalo lipo kwa mwenye akili ya kulitafuta: simba naye kiu ikimshika huenda mtoni, na akifika humkuta chura amekwisha kunywa.

Hicho ndicho kipimo cha kijembe chema. Kwanza kiwe na ukweli ndani yake, maana uongo hauchomi. Pili kivikwe fumbo, ili mwenye kuchomwa apewe heshima ya kulitegua mwenyewe. Tatu kiache mlango wazi wa kujibiwa. Sharti la tatu ndilo kubwa kuliko mengine, nalo limetoka katika utani wenyewe kama desturi ya makabila na koo. Mtani ndiye anayeruhusiwa kukucheka msibani, na ruhusa hiyo ameipata kwa sababu siku yake ikifika wewe nawe utakwenda kumcheka yeye, na kwa sababu kati ya kicheko na kicheko atashika jembe na kukuchimbia kaburi la maiti wako. Anayetania bila kukubali kutaniwa si mtani. Ni mchokozi.

Visiwani desturi hii ina ladha yake. Mnazi wa Unguja au Pemba anaipenda timu iliyo ng'ambo ya bahari, huku hasimu wake akiwa ndani ya nyumba yake: mke, shemeji, au jirani anayeshiriki naye ukuta. Mara mbili watani walimfuata huku huku kwa fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati. Mwaka 1975 Yanga ilishinda 2-0 katika ardhi ya Unguja, na mwaka 1992 Simba ikalipa deni kwa mikwaju ya penalti. Kisha tarehe 25 Mei 2025 uwanja wa Amaan ukaipokea Simba katika fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho la Afrika, baada ya kufungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco. Mchezo ukaisha 1-1, kombe likasafiri, na barazani swali la zamani likarudi: je, mtani anapocheza na mgeni, umwombee nani?

Mnazi hujibu bila kusita kwamba humwombea mgeni. Jibu hili aghalabu hulaumiwa kuwa ni ukosefu wa uzalendo, na lawama hiyo ni nyepesi mno. Simba ilifungwa na Stella Abidjan katika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, nyumbani, 2-0. Yanga ilikosa Kombe la Shirikisho mwaka 2023 ilipofungwa 2-1 nyumbani na USM Alger, ikashinda 1-0 ugenini, na mabao ya ugenini yakaamua. Kila mmoja humcheka mwenzake kwa jeraha lile lile alilo nalo yeye. Wangekuwa maadui wa kweli wangefichana makovu. Hawa wanaonyeshana, na kila anayenyoosha kidole anajua kitarudi. Anayemwombea mgeni barazani anailinda hazina ya utani wa kesho; kuwa amelala akifurahi ni jambo jingine, na macho yake ya asubuhi aghalabu husema tofauti na ulimi.

Haifai, hata hivyo, kuusifu utani huu na kuufumbia macho upungufu wake. Mnazi husema mengi kuhusu mpira, na machache kati ya hayo ni mpira wenyewe. Akishinda, ni jezi iliyoshinda. Akishindwa, ni mwamuzi, ni mganga, ni kiongozi aliyehongwa. Pasi iliyopenya ukuta wa mabeki haina nafasi katika simulizi yake ila iwe imetoka mguuni mwa mtu wake. Ndiyo maana mchezo wa tarehe 20 Oktoba 2013 una thamani ya pekee. Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza 3-0, Simba ikarudisha yote, ukaisha 3-3. Kwa kuwa hakuna aliyeshinda, kila upande ulilazimika kuusimulia mchezo badala ya matokeo: wa Yanga kipindi cha kwanza, wa Simba cha pili. Ukiwaweka pamoja, wanazi wawili waliokataa kusikilizana wametoa masimulizi kamili ya dakika tisini. Sare ile iliwafundisha kusimulia, jambo ambalo ushindi wa mabao matano haujawahi kufanya.

Upungufu wa pili ni mpya na ni wa hatari zaidi. Kijembe kilichokuwa kikitupwa kutoka kiti hadi kiti siku hizi hutupwa kutoka kipaza sauti, na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo. Baadhi yao wana vipaji vya ulumbi visivyobishaniwa. Lakini kipaza sauti kina kasoro ya asili: kinasema na hakisikii. Aliyesema kwa maelfu hawezi kuinamia kikombe mbele ya mmoja. Simu nazo zimekamilisha kazi, kwani tusi linalotumwa usiku kwa mtu usiyemwona halihitaji fumbo, na lisilohitaji fumbo halihitaji akili. Mchezo wa ligi uliopangwa tarehe 8 Machi 2025 haukuchezwa siku hiyo, baada ya Simba kulalamika kwamba ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani. Ukachezwa tarehe 25 Juni, Yanga ikashinda 2-0. Kwa miezi mitatu na nusu watani walibaki na barua, kanuni na vikao. Hapakuwa na bao la kutaniana, na mahali pa bao pakajazwa na chuki. Ilidhihirika kwamba utani haujitoshelezi. Unahitaji mpira uchezwe, na unahitaji mtu mmoja akubali kwamba amefungwa.

Kukubali huko ndiko kunakoleta beti bora. Mshindi hahitaji ufundi. Mkono wake umesema. Aliyeshindwa ndiye anayepaswa kutunga, kwa sababu lazima apite barazani, na hawezi kupita kimya. Huyo atasema leo kahawa yake isitiwe sukari kwani utamu wote umechukuliwa, au ataketi mwenyewe kwenye kiti cha mwisho kabla hajaonyeshwa. Akijicheka kwanza, anamwachia mtani nusu tu ya kicheko. Malenga wa zamani wangemtambua mtu huyu. Alama yake haipo katika msimamo wa ligi, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyekusanya maneno yake. Wakusanyaji wa mashairi wamezoea kubisha hodi kwa wazee wenye miswada sandukuni. Siku moja baada ya mchezo ujao wa watani, wapite na barazani, wakae karibu na yule aliyefungwa.