Khanga Kuukuu Haibebi Mzigo

Mto wa kwanza tulioushona kwa khanga za bibi ulipasuka ndani ya mwezi mmoja. Mshono haukuachia. Khanga yenyewe ndiyo iliyochanika, milimita mbili au tatu kutoka kwenye uzi, mstari umenyooka kama uliopitishwa wembe, na uzi umebaki pale umekaza. Mafundi niliowaonyesha mjini Morogoro walisema khanga imechakaa, basi. Imechakaa kweli. Lakini mto wa pili, wa khanga zilezile, una miaka minne sasa na watoto wanaukalia kila siku. Nataka kueleza mito hiyo miwili ilitofautiana wapi, kwa sababu nyumba nyingi za kwetu zina sanduku la khanga zisizovalika tena na hakuna mwenye moyo wa kuzitupa.

Za bibi zilishuka kutoka Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo sanduku lilikwenda kwa mama na dada zake bila mjadala. Mashariki kule ndiko kunakopokea pepo za Bahari ya Hindi, mvua ni nyingi kuliko Mgeta upande wa pili wa milima, na nguo iliyofungiwa sandukuni hushika ukungu. Pamba iliyoliwa na ukungu hupoteza nguvu hata kama rangi bado inang'aa. Kwa hiyo kabla ya mkasi, kila khanga ilinyanyuliwa dirishani ikatazamwa dhidi ya mwanga. Palipoonekana vitundu kama chekecheke palizungushiwa chaki na kuachwa. Palipobaki pakabonyezwa kwa kidole gumba huku kitambaa kimevutwa, na palipolia pakaachwa.

Khanga haichakai sawasawa, na anayejua ilivyovaliwa anajua pa kukata. Pembe zilizofungwa fundo kifuani zimevutika. Katikati ya mji, yaani sehemu ya kati iliyozungukwa na pindo, mahali palipokaliwa au palipobeba mtoto mgongoni, pamekuwa laini kama hariri, na ulaini huo ndio unaomdanganya mtu akapapenda kuliko pengine pote. Pindo ndiko kwenye nguvu, hasa kandokando ya ukingo uliotoka kiwandani. Khanga ya kawaida ina urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa 110. Ikiwa mpya ingetoa viraka 48 vya sentimita 18 kwa 18. Ya bibi iliyokuwa nzima kuliko zote ilitoa 21.

Sasa kosa letu la kwanza. Tulikishona kitambaa kikuukuu kama kipya: viraka vimeungana moja kwa moja, nafasi ya mshono nusu sentimita, uzi wa polyester tulioambiwa haukatiki. Mtu akikaa juu ya mto, uzito hausambai sawa. Unakimbilia mishononi na kwenye kona. Uzi mgumu ukivutwa ndani ya pamba dhaifu hufanya kazi ya msumeno. Na tulikuwa tumeweka hatua fupi mno za mshono tukidhani ndio uimara, kumbe kila tundu la sindano ni nyuzi zilizosukumwa au kukatwa. Matundu yakikaribiana kwenye kitambaa cha umri ule, umekwisha kuchora mahali pa kuchanikia.

Mara ya pili khanga haikupewa mzigo wowote. Kila kiraka kililazwa juu ya kipande cha marekani cha ukubwa uleule, kikapigwa bandi kuzunguka, na kuanzia hapo viwili hivyo vikahesabiwa kuwa kitambaa kimoja. Marekani ndiyo bitana, na ndiyo inayobeba. Pamba hii nyeupe imelibeba jina la nchi ilikotoka tangu karne ya 19, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walipokuwa wakiileta Zanzibar kwa meli. Tuliifua na kuipiga pasi kwanza, ili isije ikaruka baada ya mto kushonwa na kuikunja khanga iliyo juu yake.

Mtande wa khanga na mtande wa bitana vilielekezwa upande mmoja. Kwenye khanga ni rahisi kuujua: unakwenda na urefu, kwa sababu doti, yaani khanga mbili zilizouzwa pamoja, hukatwa na kupindwa kwenye ncha fupi, na kingo za kiwandani hubaki kwenye pande ndefu. Nafasi ya mshono iliongezwa hadi sentimita moja na nusu kila upande, hivyo kiraka cha 18 kikabaki 15, na tisa vikatoa uso wa 45 kwa 45. Sindano nyembamba, namba 11. Urefu wa hatua ya mshono milimita mbili na nusu. Uzi wa pamba, dhaifu kuliko bitana kwa makusudi.

Hilo la uzi lilinichukua muda kulikubali. Fundi aliyenishauri, mama mtu mzima mwenye cherehani ya kukanyaga, aliniambia afadhali ukatike uzi, maana uzi unanunuliwa.

Wanawake wa pwani walijua kuunga vipande kwa mshono kabla ya khanga kuitwa khanga. Inasimuliwa kwamba walinunua leso zikiwa bado hazijatenganishwa, wakazikata tatu tatu, kisha wakashona vipande viwili ubavu kwa ubavu kupata vazi moja. Mombasa jina la leso linaishi hadi leo. Vazi lenyewe, basi, chimbuko lake ni viraka.

Ndani tuliweka sufi. Misufi ipo tele kuanzia vilima vya chini hadi mjini, na kiangazi maganda yakipasuka unaokota bure. Nyuzi zake ni mirija yenye hewa ndani na nta juu, haipokei maji upesi, ndiyo maana zamani ilijazwa kwenye majaketi ya kuokolea watu majini. Kwa nyumba za mlimani, ambako sponji hukaa na unyevu wiki nzima, sioni mbadala wake. Udhaifu wake ni utelezi: hupenya kwenye kitambaa chepesi na kutoka kama vumbi jeupe. Kwa hiyo sufi ilikaa kwenye mfuko wake wa ndani, wa marekani nzito, na uso wa khanga ukawa foronya tu, unavuliwa na kufuliwa kwa maji baridi.

Nyuma hatukuweka zipu. Zipu ni ngumu, na mpaka wa kigumu na kilaini ndipo panapochanika. Tulikata vipande viwili vya 48 kwa 33, vikalaliana sentimita 12 kama foronya ya kitandani. Kona nne zilishonwa kwa kupinda kidogo badala ya kuchongoka, kwani sufi haifiki kwenye ncha kali na kona tupu husuguliwa hadi inaisha.

Kilichotusumbua zaidi ni jina. Maandishi ya khanga moja yalikuwa marefu kuliko mto, na dada yangu alitaka tukate pale yanapofikia sentimita 45. Lingekatika neno katikati. Tuligombana kidogo. Mwishowe tukaligawa baada ya neno la pili, mistari miwili ikakaa juu na chini, na viraka vyetu tisa vikageuka sita na ukanda mmoja katikati. Mafundi wengi hukata jina ovyo kwa kuwa wanatazama rangi. Mimi naona bibi aliichagua khanga ile kwa maneno yake.

Masika iliyopita kona moja ya mto huu wa pili iliachia. Niliigeuza ndani nje nikitarajia mchaniko uleule wa zamani. Uzi ulikuwa umekatika urefu wa vidole vitatu. Khanga na bitana vilikuwa vizima, matundu ya sindano bado ya duara. Mama akatunga uzi sindanoni, akaishona kona kwa mkono, akaurudisha mto kwenye kochi.